Wagonjwa wangu wa presha wanapotea, nataka kufanya utafiti ila naambiwa si kazi ya nesi

Shikamoo dada,

Mimi ni muuguzi, nna stashahada, huu mwaka wa sita kazini na wa tatu hapa nilipo, kituo cha afya kimoja mkoani Singida. Naomba jina langu na la kituo ubaki nayo mwenyewe maana nitakayoyasema yanagusa watu nnaoshinda nao kila siku.

Dada mimi ndo nasimamia kliniki ya presha, iko kila Alhamisi. Tuna kaunta buku letu pale, mgonjwa akija tunaandika jina, kijiji, umri, presha yake, dawa alizopewa na tarehe ya kurudi. Kwenye daftari wapo wagonjwa 212 ila Alhamisi ukikaa unawaona wale wale, mabibi wa hapa jirani na wazee wachache, wengine walikuja mara mbili tatu wakapotea mazima. Nilikuwa nachukulia kawaida tu, ndo watu walivyo, wakipata nafuu wanaacha dawa. Mpaka mwezi wa pili mwaka huu akaletwa mzee mmoja kwa bodaboda, wamembana katikati ya watu wawili, upande wa kulia wote haufanyi kazi na mdomo umepinda. Nikamjua. Nikafungua daftari nikakuta mara ya mwisho alikuja miezi mitano nyuma, na mwandiko ni wangu mimi, "arudi baada ya wiki 4". Tulimpa rufaa, Mungu akasaidia akarudi nyumbani hai, ila kuongea bado kwa shida na shamba ndo basi tena.

Tangu siku hiyo sijatulia. Nikaanza kufuatilia na kuna kitu nimekiona ambacho nadhani ni kweli, hapa kwetu kuna mnada mkubwa Alhamisi kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo Alhamisi moja ina mnada inayofuata haina. Naona kama siku za mnada benchi linakuwa jeupe kabisa. Nataka nifanye utafiti nijue wanapotea kwa sababu gani, nikiwa na ushahidi labda tuhamishe siku ya kliniki au tufanye jambo.

Sasa shida zangu. Nilimwambia inchaji wangu akacheka, akasema utafiti ni wa madaktari wa hospitali kubwa na wa wenye masters, mie nitulie nichome sindano. Hakusema kwa ubaya ila iliniuma. Pili, kuna kaka mmoja anaandikia watu proposo, ameniambia nimpe 350,000 atanitengenezea kila kitu mpaka dodoso lenye maswali 50 na sampo ya watu 384, nikamwambia mbona wagonjwa wenyewe hawafiki 384, akasema hiyo ndo fomula. Tatu, rafiki yangu tuliyesoma nae ananiambia ruhusa zitanichelewesha, nianze tu kuwauliza wagonjwa pale benchini kimyakimya, vibali nitatafuta baadae. Nimeshapiga picha kurasa zote za daftari za mwaka jana ziko kwenye simu yangu, usiku nikiwa zamu nazisoma.

Na la mwisho dada, hesabu zilinishinda tangu sekondari. Na naogopa pia, kuna miezi dawa zilikatika, nikija kuandika hilo si nitaonekana nimewachoma wenzangu? Naomba unishauri nianzie wapi, au niache.

Nesi wa Alhamisi

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Usiache.

Ila kabla hatujaenda popote, hizo picha kwenye simu zifute leo. Najua umezipiga kwa nia njema na wala hujamuonyesha mtu, lakini hayo ni majina ya watu na kijiji chao na ugonjwa wao, na simu inaibiwa, inapelekwa kwa fundi, inashikwa na mtoto, picha zinajipakia zenyewe kwenye akaunti huko mtandaoni bila wewe kujua. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na taarifa za afya ni kati ya zile zinazolindwa zaidi. Hata sheria isingekuwepo, yule bibi alipokutajia jina lake alikuwa anampa nesi wake amtibu, hakukuruhusu utembee nae mfukoni. Futa, na kwenye lile kapu la picha zilizofutwa ingia ufute tena. Daftari lenyewe lipo kituoni, halikimbii, utalisoma kwa ruhusa na utaona sio kazi kubwa.

Sasa tuongee. Unavyosema inchaji alicheka ukaumia, nakuelewa sana, ila mimi nadhani alicheka kwa sababu ulimpelekea neno "utafiti" na yeye akili yake ikaenda kwenye magari meupe na posho na watu wa mjini na makaratasi ya kizungu. Ungempelekea swali la kituo chake pengine asingecheka. Jaribu tena hivi: bosi, naomba ruhusa nihesabu kwenye daftari la presha, kati ya watu tuliowapa tarehe ya kurudi ni wangapi walirudi, nikimaliza nikuletee kwenye kikao cha mwezi. Hapo hajaombwa hela wala gari, ameombwa kitu ambacho hata DMO, yaani mganga mkuu wa wilaya, akija usimamizi shirikishi anaweza kukiuliza. Na kama kituo chenu kilishapitia yale mafunzo ya 5S na Kaizen, yaani kuboresha huduma kidogo kidogo kwa kutumia mlicho nacho, basi hii ni Kaizen kabisa na atakuelewa haraka.

Na hilo la utafiti ni wa wakubwa nataka nikwambie kisa kimoja cha huku huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957 kulikuwa na daktari wa upasuaji pale Mulago Kampala, Denis Burkitt, akaitwa kumwona mtoto amevimba taya pande zote mbili, hajui ni nini. Muda si mrefu akiwa Jinja akamwona mtoto mwingine yuko vile vile. Wengine pale walishawaona watoto kama hao na wakapita, yeye akaingia kwenye mafaili ya hospitali akatafuta wengine, mwaka 1958 akaandika habari za watoto 38. Baada ya hapo alipata msaada wa paundi 25, akachapisha karatasi zenye picha na maswali machache akazituma kwa posta kwenye mahospitali ya bara zima, kuuliza tu "na huko kwenu mnawaona?" Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu wakashuka mpaka Afrika Kusini na kurudi, kama kilomita 16,000, wanauliza swali lile lile. Ile saratani leo inaitwa kwa jina lake. Ndiyo, alikuwa daktari, sikatai, lakini angalia alianza na nini, watoto wawili aliowaona kwa macho yake na mafaili ambayo yalikuwepo pale pale siku zote. Wewe una mzee mmoja na kaunta buku.

Hiyo 350,000 kaa nayo. Simjui huyo kaka na simsemi vibaya, kumlipa mtu akusaidie hesabu mwishoni ni kitu cha kawaida na halali, ila kumlipa akufikirie swali ni kujipotezea, maana siku ukiulizwa kwanini umechagua hivi na si vile utabaki unamtazama anayekuuliza. Na hiyo 384 yake nikueleze inatoka wapi maana inazunguka kwenye kila proposo nchi hii kama sala. Kuna fomula ya kukadiria asilimia katika watu wengi sana wasiohesabika, ukisema hujui jibu kwa hiyo unaweka 50%, unataka uhakika wa 95%, na unakubali kukosea kwa 5% juu au chini, inakupa 384. Ni ya mtu anayetafuta jibu la mkoa mzima au mji mzima. Wewe una watu 212, wote wako kwenye daftari moja, unachagua sampo ya nini tena? Chukua wote. Swali lako kwake lilikuwa sahihi kabisa na wewe unasema hesabu zilikushinda.

Maswali 50 nayo nakukataza kwa uchungu kabisa maana yalinikuta. Utafiti wangu wa kwanza nilikuwa wodi ya wazazi hospitali moja ya wilaya, nilitaka kujua kwanini akina mama wanaondoka kabla ya masaa 24 baada ya kujifungua. Nikaandika dodoso la maswali 43, dini, kabila, idadi ya vyumba, anapika na nini, kila kitu nilichokiona kwenye dodoso za wengine nikaweka, nikawashikilia akina mama waliochoka na vichanga mkononi nusu saa nzima kila mmoja. Mwisho wa siku nilitumia maswali matano. Yale 38 mengine nilichukua muda wa wale wanawake bure na mpaka leo najisikia vibaya. Mmoja wao, mwanamke wa makamo hivi, ndiye aliyenipa jibu bila kuulizwa, alisema chakula wanaleta mara moja tu asubuhi maana nyumbani ni mbali, sasa ukikaa mpaka kesho unakaa na njaa. Kwenye maswali yangu 43 chakula hakikuwemo.

Kwa hiyo anza na swali dogo mpaka uone aibu kulisema. "Kwanini wagonjwa wa presha wanapotea" ni kubwa, hilo la miaka mitano na timu ya watu. Lako ni hili: je, mgonjwa aliyepewa tarehe ya kurudi inayoangukia Alhamisi ya mnada anarudi kidogo kuliko aliyepewa Alhamisi isiyo na mnada? Basi. Hilo linajibika na daftari, kalenda na penseli.

Halafu kuna kitu umekiandika mwenyewe na sidhani kama umekiona. Mnada ni kila baada ya wiki mbili, na nyie mnawapa wagonjwa wiki nne. Hesabu hapo. Mtu akianza kliniki Alhamisi ya mnada, wiki nne mbele ni mnada, nne nyingine ni mnada tena, huyo mtu kila tarehe yake itakuwa ya mnada mpaka lini sijui. Na aliyeanza wiki isiyo na mnada hataugusa kabisa. Yaani mmegawanya wagonjwa wenu makundi mawili bila kukusudia na bila mtu kuchagua, watafiti wakubwa wanalipa hela nyingi kupata kitu kama hicho. Usikubali kitupotee.

Ukishapata ruhusa kaa na daftari uchore jedwali kwenye karatasi nyingine. Majina usiyaandike, mpe kila mtu namba, 001, 002, na ile karatasi inayoonyesha namba ipi ni nani ifungiwe kabatini kituoni isitoke. Kwa kila mtu unahitaji tarehe aliyopewa arudi, tarehe aliyorudi kweli, kijiji, umri, mwanamke au mwanaume, na kama tarehe yake ilikuwa ya mnada au la. Nakushauri kila mtu umhesabu mara moja tu, chukua ile tarehe ya kwanza kabisa aliyopewa baada ya kuandikishwa, maana ukihesabu ahadi zote, bibi mmoja asiyekosa hata siku moja atahesabika mara kumi na mbili na atakufanya uone mahudhurio ni mazuri kumbe ni yeye peke yake. Na kabla hujaanza kuhesabu, kabla, amua "amerudi" maana yake nini na uiandike. Mimi ningesema ndani ya siku saba tangu tarehe aliyopewa, kwa sababu kuna atakayekosa Alhamisi ya mnada akaja Ijumaa, huyo hajapotea, huyo amewapa nyie jibu. Ukiacha kuamua mpaka umeshaanza kuhesabu, mkono utavutika wenyewe kuelekea unakotaka jibu liende, inatokea kwa kila mtu, hata kwa waaminifu.

Na ujiandae kukosea. Naongea kwa uzito hapa. Wewe umeshajiridhisha kwamba mnada unawafukuza, mimi nimekaa nikafikiria kinyume chake, siku ya mnada si ndo magari yanatoka vijiji vya mbali? Si ndo nauli inagawanyika? Mtu wa kilomita 20 ambaye siku nyingine hana usafiri kabisa, siku ya mnada anapanda gari la mizigo na mbuzi zake, akishauza ana hela na yuko hatua chache kutoka kwenu. Inawezekana mnada unawaondoa wa karibu wanaoenda kuuza na unawaleta wa mbali, na jumla ikatoka sifuri na wewe ukadhani hakuna kitu. Ndo maana nimekwambia uandike kijiji. Gawa wa karibu na wa mbali uangalie kila kundi peke yake. Na angalia miezi pia, msimu wa kulima na wa kuvuna alizeti watu hawaonekani mnada uwepo usiwepo.

Kuhusu hesabu zilizokushinda sekondari, unachohitaji hapa ni kugawanya na asilimia, wewe unayekokotoa matone ya dripu kwa dakika huwezi kushindwa na hilo. Chora sanduku la vyumba vinne, juu walirudi na hawakurudi, pembeni mnada na si mnada, jaza idadi, toa asilimia kila mstari. Ukitaka kujua kama tofauti hiyo inaweza kuwa ya bahati tu, hapo ndo unamtafuta mtu wa takwimu, mwalimu wa chuo cha uuguzi kilicho karibu au uliyesoma nae aliyeendelea, nusu saa inatosha. Kuna Epi Info pia, programu ya bure iliyotengenezwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inakufanyia, na ukija kukusanya majibu kwa simu KoboToolbox nayo unaweza kuitumia bure. Ila usianze na programu, anza na penseli, ukiijua data yako kwa mkono hakuna kompyuta itakayokudanganya.

Ukiwa unapitia daftari nakuomba ufanye jaribio moja dogo la pembeni, usimwambie mtu kwanza. Angalia tarakimu ya mwisho ya ile namba ya juu ya presha kwa kila kipimo kilichoandikwa. Kama mnatumia mashine ya kidijitali, tarakimu zote kuanzia 0 mpaka 9 zinatakiwa zijitokeze karibu sawa, kila moja kama mara moja katika kumi. Ukikuta nusu nzima zinaishia na sifuri, 130, 140, 150, 140, basi ujue mtu alikuwa anakadiria, au anapima haraka haraka huku foleni inamsukuma. Hiyo haimaanishi wenzako ni wabaya, inatokea dunia nzima. Ila ina maana zile presha zenyewe usizijengee hoja nzito, na inakupa kitu cha kurekebisha Alhamisi ijayo bila kibali cha mtu, mgonjwa akae dakika tano ametulia kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini haijapishana, mkono usawa wa moyo, na nyote wawili kimya wakati mashine inapima. Hilo la kimya najua kwetu ni gumu, mgonjwa anakusalimia mpaka ng'ombe.

Sasa vibali, na rafiki yako hapa amekupoteza. Iko hivi. Ukihesabu daftari la kituo chako kwa ruhusa ya mfawidhi, yaani huyo inchaji wako, ili mboreshe huduma yenu na mkaongelea kwenye kikao chenu, hiyo ni kazi yako ya kila siku, ni sehemu ya kuwa nesi. Lakini ukikusudia kuwahoji watu, au kupeleka majibu kwenye kongamano, au kuyachapisha jarida lolote, hapo umeingia kwenye utafiti na unatakiwa kuwa na kibali cha maadili KABLA ya kukusanya chochote. Huku bara kamati ya taifa iko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge ya mwaka 1979, na vyuo vikubwa vya afya navyo vina kamati zao. Zanzibar wana yao. Kibali cha kurudi nyuma hakipo, ukishawahoji watu kimyakimya hakuna kamati itakayokubariki wala jarida litakalokupokea, na umeshawatumia wagonjwa wako. Pamoja na hicho unahitaji barua inayopanda kwa mfawidhi, kwa DMO, mpaka kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Inachukua muda, ndiyo. Muda huo tumia kusoma wengine walichopata, PubMed Central, maktaba ya mtandaoni ya makala za afya, iko bure, jarida la NIMR la utafiti wa afya Tanzania liko bure, na kama kuna chuo karibu waulize kuhusu HINARI, majarida mengi ya kulipia yanafunguka bure kwa taasisi za nchi kama yetu. Utakutana na ule utafiti mkubwa wa nchi nzima unaoitwa STEPS, wa magonjwa yasiyoambukiza, wa mwaka 2012 uliokuta takriban mmoja kati ya wanne, watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ana presha ya juu. Ukiusoma huo utajua wale 212 wako ni kipande tu cha walioko vijijini huko.

Ila hata kama vibali visingekuwepo, kuwauliza wagonjwa benchini kungekupa jibu la uongo. Fikiria, unataka kujua kwanini watu hawaji, halafu unawauliza waliokuja! Hao wanajua kwanini wao wanakuja. Unaowatafuta hawapo benchini, wapo mashambani na majumbani, wengine wanameza dawa za kununua duka la dawa, wengine wanatibiwa kituo kingine na wako salama kabisa na nyie mnawaita watoro, wengine wamehama, na mdogo wangu, wengine utakuta wamefariki, uwe tayari kwa hilo kabla hujapiga simu ya kwanza. Hatua hiyo ni ya baadae, ukishapata kibali, na wahudumu wa afya ya jamii ndo watakaokupeleka maana wao wanajua nyumba. Ukifika huko vua sare. Usiulize "kwanini hukuja", akisikia nesi anamuuliza hivyo atakupa jibu la kujitetea, atakwambia nauli, kila mtu husema nauli. Mwambie nisimulie siku ile uliyotakiwa kuja ilikuwaje tangu asubuhi ulivyoamka. Alafu nyamaza. Watu 12 au 15 wakiongea hivyo watakufundisha kuliko dodoso la watu 384.

Umeuliza kuhusu dawa zilizokatika. Hili nimelifikiria sana. Liandike, huwezi kuliacha, maana mtu aliyetembea kutwa akaambiwa dawa hakuna ana haki ya kutorudi, na ukificha hilo utamsingizia mnada kosa lisilo lake. Lakini liandike kama tarehe, miezi fulani mpaka fulani dawa hazikuwepo, mahudhurio ya mwezi uliofuata yalikuwa haya. Hakuna jina la mtu hapo na wala halihitajiki. Na matokeo yako ya kwanza wasikie wenzako kabla ya mtu yeyote wa nje, kwenye kikao, mkiwa mmekaa. Mwombe inchaji awe mwenzako kwenye kazi hii tangu mwanzo, muelewane mapema na kwa maandishi nani amefanya nini na jina la nani litakuwa wapi, urafiki mwingi wa kazini umekufa kwa sababu ya jina kwenye karatasi. Mtu aliyeshiriki kuuliza swali hawezi kusema amechomwa na jibu.

Na ikitokea jibu ni kweli mnada, msikimbilie kuhamisha kliniki nzima. Jaribuni kwanza kitu cha bei rahisi, wale wa mnada wapeni wiki tatu badala ya nne mara moja tu, watahamia upande wa pili wenyewe, halafu hesabu tena baada ya miezi mitatu uone. Mtaalam wa dawa ahakikishe tu vidonge vinatosheleza tarehe mpya.

Jambo moja la mwisho. Yule mzee umesema yuko nyumbani. Nenda kamjulie hali, Jumapili moja, na sukari kilo yako, bila fomu wala kalamu, na usiende kama mtafiti maana huna unachomdai hapo. Nadhani umebeba ule mwandiko wako kwenye daftari kama kosa, na sio kosa, uliandika tarehe kama ulivyofundishwa. Ila ukikaa nae na mkewe kivulini, akitaka kukusimulia ile miezi mitano ilikwendaje, hata kama maneno yanatoka kwa shida, usimmalizie. Mwache amalize mwenyewe.